Kikundi cha wafanyabiashara bila daftari ni kijiwe tu

Ingia kwenye mkutano wa kikundi chochote cha wafanyabiashara wadogo uulize swali moja: mara iliyopita nani aliunganishiwa mteja, na huyo mteja aliishia wapi? Mara nyingi utajibiwa kwa tabasamu. Utaambiwa kikundi kimesaidia sana, watu wamefahamiana, umoja upo. Huenda yote ni kweli, ila hakuna hata moja linalohesabika. Na watu hao hao wasingekubali muuzaji wao awakabidhi hesabu ya namna hiyo jioni dukani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja wanaopita mikononi mwa kikundi ni mali kama nyingine. Vikundi vingi vinahangaika na ukumbi, fulana, nembo na mgeni rasmi. Kwa maoni yangu hayo yote yanaweza kusubiri. Kinachokitofautisha kikundi na kijiwe ni daftari la wateja walioelekezwa, linalosomwa kwa sauti kila mnapokutana.

Daftari lenyewe ni jepesi. Safu sita zinatosha: tarehe, aliyetoa, aliyepokea, mteja na anachohitaji kwa maneno machache (namba yake ya simu isiandikwe humo), hatua iliyofikiwa, na kiasi kilicholipwa iwapo mpokeaji yuko radhi kukitaja. Hatua ziwe nne: hajapigiwa, wamezungumza, amelipa, imeshindikana. Mkiongeza ya tano, ile ya "bado anafikiria", kila mstari utalala hapo mwaka mzima. "Imeshindikana" isionewe aibu. Iandikwe pamoja na sababu. Mistari mitatu yenye sababu moja, tuseme makadirio ya bei kuchelewa, inamwambia mpokeaji jambo ambalo mteja hatamwambia usoni.

Penye hatari ni kwenye safu ya mteja. Mwanachama anakuja na jina alilolikumbuka akiwa njiani, ili naye aonekane ametoa: "Mpigie fulani, ana kampuni, mwambie mimi ndiye niliyekutuma." Fulani mwenyewe hana habari. Anapigiwa na mtu asiyemjua, anajibu kwa mkato, na wawili wanaumia kwa mpigo: aliyepiga anajiona ombaomba, na aliyetoa jina amejishushia heshima kwa fulani bila kujua. Kwa hiyo sharti liwe moja na lisijadiliwe: haliandikwi jina mpaka mteja awe ameshaambiwa nani atampigia na kwa jambo gani, naye amekubali. Mkianza kulishika, idadi ya mistari itashuka ghafla, pengine hadi nusu. Mwenyekiti asibabaike. Iliyoanguka ilikuwa makapi.

Upande wa mpokeaji kuna mambo mawili. La kwanza, apige simu ndani ya saa 48, kwa sababu mteja anapokea simu hiyo kwa imani aliyo nayo kwa aliyemwelekeza, na imani hiyo hupoa. Baada ya wiki mbili unakuwa mtu baki. La pili, ambalo husahaulika zaidi, ni kumrudishia habari aliyetoa, hata zikiwa mbaya. Aliyetoa amekopesha jina lake. Akikaa kimya kirefu bila kujua lilitumikaje, hatagombana na mtu. Ataacha tu kutoa, na kikundi kitadhani amekosa wateja wa kuelekeza. Kusoma daftari kwa sauti kunaliziba pengo hili bila katibu kumfukuzia mtu yeyote. Mstari uliokaa "hajapigiwa" mikutano miwili unasomwa kama ulivyo, na mwenyekiti anazungumza na mhusika pembeni. Si mbele ya watu. Mtu aliyeaibishwa hadharani harudi, na huondoka na mwenzake.

Sasa dakika ile ambayo kila mwanachama hupewa mkutanoni kujitambulisha, ambayo ndiyo inayolilisha daftari. Kosa la kawaida ni mtu kusema kazi yake halafu kumalizia na "nahudumia mteja yeyote." Hakuna ubongo unaoweza kumtafuta "mteja yeyote." Mhasibu anayesema "natafuta mwenye duka aliyefungua tawi la pili mwaka huu na bado anaandika mauzo ya maduka yote mawili sehemu moja" anawafanya watu watatu ukumbini wamwone mtu huyo akilini palepale. Fundi umeme asiseme anafanya wairingi. Aseme anatafuta jengo ambalo swichi kuu hujikata kila mashine mbili zikiwashwa pamoja. Ombi liwe moja kwa mkutano mmoja, na mkutano ujao libadilike. Aliye na maombi matano hasaidiwi hata moja.

Watu wengi huogopa kubana hivyo wakidhani wanafukuza wateja. Ni kinyume chake. Anayesikia habari ya duka la matawi mawili atakumbuka pia kwamba kuna mhasibu.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba wanachama wenyewe si soko. Watu 20 wakiuziana wao kwa wao, biashara itakwisha kabla ya miezi mitatu, na baadaye zitabaki lawama za "mimi nilinunua kwake, yeye hajanunua kwangu." Thamani ya mwanachama iko kwa watu anaowajua nje ya ukumbi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba, miongoni mwa watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, wengi waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra, si rafiki wa karibu. Sababu haina uchawi: rafiki yako anajua unachokijua tayari. Kikundi kizuri ni mkusanyiko wa watu wasiofanana, ambao kila mmoja anaingia katika vyumba ambavyo wenzake hawaingii.

Hilo linaleta ule mjadala wa mtu mmoja kwa kila taaluma, yaani kikundi kisipokee wawili wa kazi moja. Si jambo jipya. Klabu ya Rotary, iliyoanza Chicago tarehe 23 Februari 1905 kwa kikao cha Paul Harris na wenzake watatu, ilikuwa na mtindo huo tangu zamani, na jina lake lenyewe linatokana na vikao kuzunguka katika ofisi za wanachama kwa zamu. BNI, mtandao wa vikundi vya wafanyabiashara wanaoelekezana wateja ambao Ivan Misner aliuanzisha California mwaka 1985, inaushikilia mtindo huo hadi leo. Faida yake ni kubwa: unampa mwenzako mteja bila kuogopa kwamba mshindani amekaa kiti cha pili akisikiliza. Lakini kuuiga bila kufikiri kunawafungia nje watu wasioshindana kabisa. Mpiga picha wa matukio na mpiga picha wa bidhaa hawagombei mteja mmoja. Mimi ningeweka kikomo kwa huduma, si kwa jina la kazi, na mwombaji mpya ningemkutanisha kwanza na mwanachama anayemkaribia kikazi. Wakishakubaliana mpaka, uandikwe katika fomu ya kujiunga. Mpaka wa mdomo hudumu hadi siku mteja mnono atakapotokea.

Kuhusu ukubwa, wanachama 15 hadi 25 ndipo pazuri. Piga hesabu. Watu 20 wakijitambulisha dakika moja moja ni dakika 20, na kupokezana kunakula nyingine tano. Katika mkutano wa dakika 90, toa 15 za kusoma daftari, 12 za mwanachama mmoja kueleza kazi yake kwa undani, 20 za kuandika maunganisho mapya, tano za wageni. Zinabaki 13, na hizo huliwa na matangazo na wachelewaji. Kikundi kikifika watu 40, kujitambulisha peke yake kunakaribia dakika 50. Wakati huo gaweni kikundi. Kupunguza muda wa mtu hadi sekunde 30 hakuponyi, maana kinachokatwa kwanza ni lile ombi mahususi.

Mkutano uwe kila baada ya wiki mbili, siku ileile, saa ileile. Kila wiki humchosha mwenye duka asiye na msaidizi. Mara moja kwa mwezi ni mbali mno: ukikosa mmoja tu, umekaa miezi miwili hujaonana na watu. Mgeni mzungumzaji wa hamasa mwacheni; anakula dakika 40 na haachi hata mstari mmoja daftarini.

Kati ya mkutano na mkutano, kila mwanachama akutane na mwenzake mmoja, wawili peke yao, mahali pa kazi ya mmoja wao. Watu 20 wanatoa jozi 190, yaani raundi 19 za jozi 10. Kupanga ni rahisi kama ratiba ya ligi: andika majina katika mistari miwili ya kumi kumi, waliotazamana ndio jozi, raundi inayofuata jina la kwanza linabaki palepale na mengine yote yanasogea nafasi moja kuzunguka. Mkifanya raundi moja kila wiki mbili, ndani ya wiki 38 kila mtu atakuwa amekaa na kila mtu. Bila ratiba, watu hukutana na wale waliokuwa wakiwapenda tangu mwanzo.

Kundi la WhatsApp libaki na kazi mbili: kukumbusha mkutano na kutoa ombi la haraka. Matangazo ya bidhaa yakiruhusiwa, baada ya mwezi wote watakuwa wamezima mlio, na ombi la haraka litazama humo pamoja na salamu za asubuhi.

Kila miezi sita katibu ajumlishe daftari kwa kila mwanachama: ametoa mangapi, amepokea mangapi, mangapi yamelipa. Asiyepokea kabisa kwa kawaida ana ombi lisiloeleweka, na dawa yake ni kukaa naye nusu saa kulitengeneza upya. Asiyetoa kabisa aulizwe kwa upole anakutana na nani katika wiki yake ya kazi, kwa kuwa mara nyingi anao watu, ila hajawahi kuwafikiria kwa jicho hilo. Na yule anayetoa sana lakini maunganisho yake hayalipi, mrudisheni kwenye sharti la kwanza: je, mteja alikuwa ameambiwa?