Mji Mkongwe usije ukawa kama Cáceres

Sisi Wazanzibari tulioko Madrid tukipata mapumziko hukimbilia Granada. Mimi safari hii nilikwenda Cáceres, kule Extremadura karibu na Ureno, na sijuti. Mji wa ndani ya kuta uliingia orodha ya UNESCO mwaka 1986, miaka 14 kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Waislamu walikuwa nao mpaka 1229, ulipotekwa na Alfonso IX wa León. Chini ya kasri la Veletas, ambalo leo ni makumbusho, waliacha birika la maji ya mvua lenye nguzo na matao, na maji yamo hadi leo. Minara mingi imekatwa vichwa: Malkia Isabel wa Castilla alichoka na ugomvi wa mabwana wa mji akaamuru ipunguzwe. Mnara wa Cigüeñas ulisalimika. Siku hizi korongo ndio wenye minara.

Kuta zao zimetunzwa hasa, nikaona wivu. Sehemu ya Beit al-Ajaib yetu, lile jumba la masultani, iliporomoka Desemba 2020, tena ikiwa katika matengenezo. Nyumba za watu wa kawaida hufa taratibu zaidi. Mwenyewe hamudu fundi wa chokaa, anapiga plasta ya saruji, unyevu unakwama ndani ya mawe ya matumbawe, mwishowe ukuta unatoa tumbo.

Lakini jioni nilizunguka vichochoro vile nisikutane na mtoto hata mmoja anayecheza. Milango yenye nembo za koo imefungwa, wala hakuna baraza ya kukaa nje ya mlango. Watu wote wako nje ya kuta, Plaza Mayor, kwenye viti vya mikahawa, na kiti hukipati bila kuagiza kitu. (Aliye mbali na nguruwe aagize Torta del Casar, jibini laini la maziwa ya kondoo.) Kwetu Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, mzee anakaa na kikombe kimoja cha kahawa mpaka adhana ya isha, na hakuna anayemsogelea na bili.

Kwa hiyo wanaosema wenyeji wahame, majumba wapewe watu wa hoteli ili yatunzike, mimi siko pamoja nao. Mwenye nyumba asaidiwe chokaa na fundi, abaki na majirani zake. Fedha si kisingizio. Mgeni anayelala Unguja tayari anatozwa kodi kwa kila usiku. Fungu la kodi hiyo liende kwenye chokaa, na lianze na nyumba zenye watu ndani.