Kile tunacholilia

Ndugu mwandishi umesema wanaomlilia kiongozi ambaye hawajawahi hata kukaa naye wanafuata mkumbo tu, mi hapo nakataa. Tarehe 22 Machi 2021 mwili wa Rais Magufuli ulivyoletwa Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma nilisimama barabarani toka asubuhi na mama mmoja anauza mchicha Majengo, analia huku kashika kile kitambulisho cha wajasiriamali cha elfu 20 ambacho Magufuli aliwagawia wafanyabiashara wadogo, kona zimeshachakaa, anakigeuza geuza anasema huyu ndo alifanya mgambo waache kumwaga beseni langu. Yaani alikuwa analilia heshima yake, sasa mkumbo uko wapi hapo? Na wapo walioumizwa na utawala ule, wao walikaa ndani kimya, na ukimya wao nao ulikuwa unasema kitu, tusiwabeze.

Ila kinachoniuma mpaka leo ni kingine. Siku moja kabla, kule Dar, watu 45 walikufa kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru wakienda kumuaga, na mtaani kwetu sikusikia mtu akiuliza hata jina la mmoja. Wiki ileile tukamzika nesi mstaafu wa hapahapa mtaani, mama aliyezalisha karibu nusu ya wake zetu, makaburini tulikuwa watu 11, turubai lenyewe la kuazima. Waliopanda bodaboda kwenda Jamhuri niliwaona wamekaa vibarazani kwao, hatua chache tu toka msibani. Andika na hilo basi ndugu yangu, maana mi nalifikiria kila nikipita ile nyumba.