Damu ya Mbwa Aliyechanjwa Inatueleza Nini?

Kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa inapomalizika, idadi ya dozi zilizotumika hujulikana siku hiyohiyo, lakini haionyeshi ni mbwa wangapi waliopata kinga. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaotaka kila kampeni ifuatwe na upimaji wa kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, katika damu, na wapo wanaosema kwamba fedha hizo zingechanja mbwa wengine. Kwa Tanzania, ambako inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, naona upande wa pili una hoja nzito zaidi, ingawa si katika kila jambo.

Upimaji huo una kazi ambayo kuhesabu dozi hakuwezi kuifanya. Chanjo iliyopoteza nguvu kwa kukaa vibaya njiani haitofautiani kwa macho na chanjo nzima; damu ndiyo huifichua. Hata ushahidi kwamba aina mojawapo ya chanjo hubaki na nguvu baada ya miezi sita katika nyuzijoto 25, au miezi mitatu katika nyuzijoto 37, ulipatikana kwa kupima kingamwili za mbwa waliodungwa chanjo hiyo, na kwa vijiji visivyo na jokofu huo ni msaada mkubwa.

Tatizo huanza pale matokeo yanaposomwa kana kwamba ni hukumu. Kiwango kinachotumika, uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita, kinathibitisha kwamba mwili umeitikia chanjo. Si mpaka unaotenganisha mbwa salama na mbwa aliye hatarini. Mbwa aliyechanjwa mara ya kwanza anaweza kushuka chini ya kiwango hicho baada ya miezi michache, huku mwili wake ukiwa bado na kumbukumbu ya kupambana na virusi. Sampuli zenyewe hazipatikani kirahisi: mwenye mbwa amfunge kamba mdomoni na kumkandamiza, mtaalamu atafute mshipa wa mguu wa mbele, kisha seramu, yaani majimaji ya damu, ifike maabara ikiwa baridi. Kipimo kinachoaminika zaidi hutumia virusi hai, kwa hiyo ni maabara chache zinazokimudu.

Zaidi ya hayo, kinga ya kijiji haikai ndani ya mbwa mmojammoja. Mbwa mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa wasiofika wawili, na ndiyo sababu kuchanja asilimia 70 hutosha kuuzima ugonjwa. Asilimia hiyo hushuka haraka kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana na watoto huzaliwa kila mara. Mara nyingi watoto hao huachwa kwa madai kwamba hawajafikisha miezi mitatu, jambo linaloniudhi, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe. Huko Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukaingia tena 2016, ukatokomezwa 2018, na waliofuatilia safari hiyo walitegemea rekodi za watu na wanyama waliong'atwa.

Kwa hiyo ningetenga sehemu ndogo tu ya bajeti kwa ajili ya damu: mbwa wachache kwa kila toleo la chanjo, takriban mwezi mmoja baada ya kudungwa. Fedha nyingine ziende kwenye kola za kuwatambua waliochanjwa, hesabu ya mitaani na kampeni ya kila mwaka. Na kila takwimu ya kingamwili itolewe pamoja na umri wa mbwa, idadi ya dozi alizowahi kupata na tarehe ya kutolewa damu, maana bila hayo asilimia ndogo haitatuonyesha kama chanjo iliharibika au damu ilichelewa kuchukuliwa.