Nilituma hela ya kuziba, jino likang'olewa

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Leicester, Uingereza, mdomo wazi kama changu wa soko la samaki la Deep Sea, nusu ya uso imekufa ganzi, mara ikanipiga harufu ya karafuu. Si ya marashi, si ya pilau. Karafuu yenyewe, ile ambayo mama alikuwa anaiweka kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati pale Ngamiani, Tanga. Jino likiuma usiku anaiponda, ananishindilia kwenye tundu kwa kidole, ananiambia: uma, uma, usimeze mate.

Nikataka kucheka. Hucheki lakini, mdomoni kuna bomba la kunyonya mate.

Alipolitoa nikamuuliza. Daktari wangu ni Mgujarati, wazazi wake ni katika wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Akaniambia ndiyo, ni karafuu: unga wa oksidi ya zinki umekorogwa na mafuta ya karafuu, na ndani ya mafuta hayo mna kitu kinaitwa yujenoli kinachotuliza mshipa wa jino. Tundu langu lilikuwa limekwenda chini mno, karibu liuguse mshipa wenyewe, kwa hiyo anatuliza kwanza kwa dawa hii ya muda, nirudi baada ya wiki sita, jino likiwa limetulia aliwekee kizibo cha kudumu. Akaongeza kuwa hata mama yake alikuwa anawatia karafuu utotoni.

Kumbe Bi Mkubwa alikuwa na dawa. Alichokosa ni mtu wa kuziba.

Nimeikalia habari hii wiki nzima, na sababu ni mtoto wa dada yangu. Mwezi wa tatu alinitumia picha ya gego lake la chini, lina kitundu cheusi katikati. Ana miaka 19. Haliumi, anasema, akinywa maji baridi tu ndipo linashtuka, kisha linatulia. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi jino la mtoto limetoboka, maana jino linaloshtuka kwa baridi na kutulia papo hapo kwa kawaida bado linazibika. Likishaanza kukuamsha saa nane za usiku lenyewe, hapo ni hadithi nyingine. Nikatuma elfu themanini siku ile ile, nikamwambia nenda kazibe, usingoje Jumatatu.

Jioni akapiga, sauti imejaa pamba. "Mamdogo, tayari. Wameling'oa. Imebaki elfu sitini na tano, nikurudishie?"

Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika.

Zahanati yenyewe siitaji, na wala sina hakika kama kosa ni lao. Nilipomhoji vizuri akasema aliambiwa dawa ya kuziba imekwisha, aje wiki ijayo. Kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja, huyo ndiye aliyemwambia: wewe kijana, jino likishatoboka limekwisha, ling'oe upumzike. Akaling'oa akapumzika. Gego zima, lenye mizizi mizima, limeondoka kwa ushauri wa mzee wa kwenye benchi.

Hapo ndipo ninapogombana na nyumbani. Kwetu daktari wa meno ni fundi wa kung'oa, na ni sisi tuliomfanya hivyo. Sikiliza tunavyosema. Mtu haagi nyumbani kwamba anakwenda kutibiwa jino, anaaga kuwa anakwenda kung'oa. Mguu ukioza kidogo hakuna anayekimbilia kukata, atausafisha, ataufunga, atahangaika nao mpaka kwa waganga. Jino lenye tundu dogo kama kichwa cha kiberiti, hilo limekwisha.

Najua mshaanza. "Huyu naye, kaosha vyombo Uingereza miaka kumi na moja, leo anatufundisha kupiga mswaki." Sioshi vyombo mimi, natunza wazee, na kwa taarifa yenu ni wazee hao hao walionifungua macho. Kuna bibi mmoja namhudumia, ana miaka 84. Akipiga mwayo mdomo wake unang'aa fedha kama duka la sonara. Mengine ya meno hayo alizibwa shuleni kabla Tanganyika haijapata uhuru, na mpaka leo anatafunia tufaha. Si wote hapa wako hivyo, wenzake wengi meno yao yanalala kwenye glasi ya maji usiku. Lakini yule bibi kila nikimlisha namkumbuka mama, ambaye alipofika miaka sitini alikuwa anasagiwa nyama.

Mimi mwenyewe nina mapengo matatu, kwa hiyo msione nawacheka. La kwanza lilitoka mwaka 1987, nina miaka tisa. Mama alinifuta machozi akaniambia nyamaza, hilo la utoto, litaota jingine. Nikasubiri. Nimesubiri mpaka leo. Nilikuja kuelezwa ukubwani, nikiwa na watoto wawili: gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Halisukumi jino lolote litoke, kwa hiyo mzazi hajui kama limekuja. Likitoboka anadhani ni la utoto. Linang'olewa, na hapo ndiyo basi, hakuna mwenzake anayesubiri chini. Wenye watoto wa darasa la kwanza na la pili, leo usiku chukueni tochi ya simu mkawaangalie mwisho wa taya. Mtanitukana baadaye.

Daktari alinionyesha pengo hilo kwenye picha ya eksirei. Jirani yake ameliinamia kama mnazi wa Raskazone uliozoea upepo, na la juu nalo limeshuka kutafuta mwenziwe. Miaka thelathini na kitu natafunia upande mmoja, ndiyo maana upande huo nao sasa umechoka na ndio uliotiwa karafuu. Jino moja lilinifanyia yote hayo.

"Pesa, dada. Unasahau pesa." Sijasahau. Kung'oa ni bei ndogo na kumekwisha siku hiyo hiyo, kuziba ni bei zaidi, na likihitaji kutibiwa mzizi ndiyo kabisa, nenda rudi tatu na mfuko utoboke kuliko jino. Mwenye kibanda pale Makorora ukimwambia azibe jino lisilomuuma wakati ada ya mtoto haijalipwa, atakuona umechanganyikiwa, na mimi ningekuwa yeye ningekuona hivyo hivyo. Ila niruhusuni niulize: harusi ya juzi kila mmoja kachanga ngapi? Sare tumeshona mara mbili. Nimechanga na mimi, sikatai, na sare yangu nimeivaa nikapiga picha.

Halafu wapo watakaosema huko kwenu ni bure. Si bure! Kuziba jino kwa huduma ya serikali England kulikuwa pauni 75 na senti 30 kwa bei zilizoanza Aprili 2025, kwa hela yetu ni laki mbili na ushee, uwe umezibwa moja au manne katika tiba hiyo hiyo. Na hiyo ni kwa aliyebahatika kupokelewa. Mimi nilitafuta daktari wa serikali anayepokea wagonjwa wapya kwa miezi kumi na minne. Februari 2024 kule Bristol, kliniki moja ilipotangaza kupokea wagonjwa wapya, mamia ya watu walijipanga barabarani tangu alfajiri mpaka polisi wakaja. Wapo Waingereza waliojing'oa wenyewe kwa koleo jikoni, na habari zao zimefika mpaka kwenye kamati ya bunge lao. Kwa hiyo msinichoree pepo.

Lakini yule aliyepanga foleni Bristol anataka kuziba. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema, na ndiyo inayoniuma. Yeye amekasirika kwa sababu hapati wa kuliokoa jino lake. Sisi hatukasiriki. Tunasema alhamdulillahi limetoka, tunatema damu, tunanunua soda ya baridi tuisukutue.

Sasa niwaambie kilichoniudhi kabisa. Usiku wa Jumanne ile ile ya karafuu, ganzi ya uso haijaisha bado, nikawa nasoma simu kitandani. Nikakuta kuna njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Mtabibu anakwangua uozo kwa kijiko kidogo cha chuma, anasafisha, anashindilia dawa, siku hizi ni glasi ayonoma, aina ya saruji inayolishika jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Haitaki umeme wala mashine ya kukereza, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haitakiwi. Inajulikana kwa herufi tatu, ART. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mwaka 1994, na mwaka 2021 glasi ayonoma ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi. Njia yenyewe imeenea dunia nzima. Ilianzia wapi?

Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Yaani mwaka nilipolazwa kwenye kile kiti cha chuma Tanga, nimeshikwa miguu na mjomba, mwendo wa basi wa siku moja kutoka hapo palikuwa na watu wanaziba meno bila umeme. Niliona fahari mpaka nikamwamsha mume wangu. Akasema hongereni, akageuka upande wa pili. Nikabaki peke yangu na hasira. Tuliwapa dunia ufundi wa kuziba jino chini ya mwembe, halafu mtoto wetu mwaka huu anaambiwa dawa imekwisha, na mzee wa benchi anamalizia.

Kwenye kundi la ukoo kaka yangu mkubwa akaniandikia, kwa herufi kubwa, kwamba huko wananijaza zebaki. Kaka, shikamoo. Ni kweli, amalgamu, ile ya rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, kinachobaki ni fedha, bati na shaba. Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku tangu Januari 2025, zaidi kwa ajili ya mazingira, isipokuwa mgonjwa akiihitaji kabisa. England bado inatumika na ndiyo nitakayowekewa. Ipo pia ile nyeupe, kompositi, ninayo kwenye jino la mbele tangu 2019: wanaiweka laini kama udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, wanaimulika taa ya bluu sekunde chache, inakuwa jiwe. Mwenye kutaka kujadili madini tujadili. Lakini kaka, wewe una meno mangapi?

Hajajibu. Kasoma tu.

Shangazi yeye alikuja na la bibi yetu wa Pangani, aliyefariki na meno yake karibu yote, hajamjua daktari, mswaki wake ni wa mti. Kweli kabisa shangazi, na ule mti una sifa zake. Ila bibi sukari aliiona kwa msimu. Sisi chai ya asubuhi vijiko vinne, saa nne chai tena, mchana soda, alasiri kahawa barazani na kashata, na usiku kaimati zinazodondoka shira. Vijidudu vya mdomoni vikila sukari vinatoa asidi, na baada ya kila tonge tamu jino huchukua kama nusu saa kupumua. La kwetu halipewi nafasi ya kupumua hata kidogo. Kashata siziachi, msiniwekee maneno mdomoni. Nikija Tanga mguu wa kwanza nyumbani, wa pili kwa muuza kahawa. Nazila zote kwa mkupuo mmoja, basi, badala ya kuzidonoa kutwa.

Mtasema nimekuwa Mzungu. Mzungu gani anayesafiri na karafuu kwenye mkoba? Ninazo hapa ninapoandika, nimezinunua duka la Wahindi Melton Road, kwa sababu wiki sita ni nyingi na dawa ya muda inaweza kudondoka.

Yule kijana juzi kanitumia picha nyingine. Gego la upande wa pili, kidoa cheusi kidogo tu. Nimetuma hela. Safari hii nimempa masharti: apige simu kwanza aulize kama dawa ya kuziba ipo, asikae karibu na mzee yeyote, na akishakaa kwenye kiti anipigie video niongee na daktari mwenyewe.

Kajibu: "Sawa mamdogo. Lakini chenji ikibaki?"