Walijua, walifumba macho tu

Asante mwandishi kwa makala kuhusu lile kanisa la siri la Wakatoliki lililofichwa darini mwa nyumba huko Amsterdam, Uholanzi, Ons' Lieve Heer op Solder. Ila hapo uliposema wakuu wa mji hawakujua lolote, nakataa. Walijua fika! Tangu 1578 Wakatoliki walikatazwa kusali hadharani, lakini waliachwa mradi nyumba isionekane kanisa kwa nje. Watu wapande ngazi kila Jumapili, waimbe, jirani asisikie? Thubutu.

Mimi nimefika pale. Ngazi ni nyembamba na zimesimama wima (wenye magoti mabovu mjihadhari). Unapita sebuleni kwa mfanyabiashara Jan Hartman, aliyelijenga kanisa hilo kati ya 1661 na 1663, halafu ghafla juu unakuta altare, kinanda, na roshani ghorofa mbili zilizoshikiliwa kwa vyuma. Kilichoniacha hoi ni mimbari: imefichwa ndani ya nguzo ya altare, ilikuwa ikitolewa wakati wa mahubiri tu. Makala haikuigusa kabisa, na mimi niliiangalia muda mrefu hadi mlinzi akaanza kuniangalia mimi.