Nyongeza

Jumamosi iliyopita nilisimama kwa muuza vitabu vikuukuu, mmoja wa wale wanaotandaza turubai kando ya njia karibu na taksi paki ya zamani, Kampala. Nikachagua riwaya mbili za wanaume ambao kila aliyepita sekondari anawajua, elfu tano kila moja. Kijana huyu ni wa Busia, na kila nikipita tunasalimiana kwa Kiswahili. Nilipokwisha kulipa akainama, akachomoa kitabu kisicho na jalada kutoka chini ya rundo, akakiweka juu ya vile viwili.

"Beba na hiki, dada. Nyongeza."

Nyongeza tunaijua wote. Ni ile nyanya yenye kidonda ambayo mama wa sokoni anakutupia juu ya fungu ulilolipia. Nikafungua ukurasa wa kwanza uliosalia, nikaona jina la Nyapol, mhusika ninayemjua. Ilikuwa The Promised Land, riwaya ya Grace Ogot wa Kenya, ya mwaka 1966.

Yule kijana sina ugomvi naye, anauza kinachoulizwa. Kilichoniuma ni kwamba ametusoma sawasawa. Wanawake waliotangulia kutuandikia riwaya tunao, ila tunawapokea juu ya fungu la wengine. Siku hizi watu wanasema tunawagundua upya. Kwani walipotelea wapi? Grace Ogot alisomea uuguzi Mengo, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka lilipotandazwa lile turubai. Alifanya kazi ya uuguzi Makerere. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi wa Makerere tunaojivunia mpaka leo, alikuwepo na akasoma hadithi yake. Msikilize mtu yeyote akiusimulia mkutano ule: atakutajia wanaume watano kwa pumzi moja, kisha atanyamaza.

Barbara Kimenye naye tumembakiza darasani. Wengi tulimsoma tukiwa watoto kwa ajili ya vituko vya Moses, yule mvulana mtundu wa vitabu vyake vya watoto, tukamwacha hapo. Hadithi zake za kijiji cha Kalasanda, ambako mzee Pius anashinda kamari ya mpira na ndugu wa kila aina wanammiminikia nyumbani, ni za watu wazima. Kuna wanaosema huyu si wetu kwa sababu alizaliwa Uingereza. Haya, alizaliwa huko. Lakini nionyesheni nani mwingine wakati ule alikisikiliza kijiji cha Buganda kwa sikio kali namna ile.

Nirudi kwa Nyapol, maana usiku ule sikulala. Ni mke mchanga. Mumewe Ochola anataka wahame Nyanza wavuke hadi Tanganyika kutafuta ardhi na mali. Yeye hataki, na anasema kwamba hataki. Wanahama. Mali inapatikana kweli, halafu jirani mganga anamwonea wivu Ochola, na mwili wa Ochola unaota vinundu vikali kama miiba. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nikiwa chuo nilidhani ni kitabu cha uchawi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Safari hii niliona kingine kabisa: mwanamke aliyeonya mapema, hakusikilizwa, na hatimaye ndiye anayemuuguza aliyekataa kumsikiliza. Mama yangu alimfuata baba kutoka Kisumu hadi Tororo, baba alipopata kazi kiwanda cha simenti. Sijawahi kumuuliza kama alitaka kuja. Nina miaka arobaini na mbili na sijawahi kumuuliza.

Hiki ndicho riwaya hizi hufanya, na ndiyo sababu sikubali ziitwe nyongeza. Chukua vita vya 1979, vilivyomng'oa Idi Amin. Tumesimuliwa na wanajeshi: njia waliyopita, mji ulioanguka, nani alikimbia kwanza. Goretti Kyomuhendo, katika riwaya yake Waiting ya 2007, anatupeleka kwenye boma moja la magharibi, kwa msichana wa miaka 13 ambaye jamaa zake wanajificha kila usiku kwa hofu ya askari wa Amin wanaokimbia, na mama yao ni mjamzito. Uchungu wa kuzaa haungoji vita viishe. Baada ya kukisoma kitabu hicho, ramani za kijeshi peke yake haziwezi tena kukutosha.

Na hapa ndipo Kiswahili kinaponihusu. Kwa mama wengi wa nchi hii, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho. Walikisikia mdomoni mwa mwenye bunduki, na wengine mpaka leo wanajikunja wakikisikia. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri lilipokubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, tunabishana kuhusu walimu na mishahara. Ni sawa, walimu wanahitajika. Lakini mtoto akishajua kukisoma, asome nini? Mimi sijawahi kukiona dukani kitabu hata kimoja kati ya hivi nilivyovitaja kikiwa kwa Kiswahili. Wachapishaji watasema havitauzika. Wajaribu kwanza.

Juzi nilikwenda Tororo na kile kitabu. Mama Kiingereza hajui, kwa hiyo niliketi naye barazani nikawa nasoma kimoyomoyo, kisha namwambia kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Tulipofika Nyapol anapokataa kuhama, akaniwekea mkono juu ya ukurasa.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Akaniuliza aliyeandika ni nani, nikamwambia alikuwa nesi, alisomea Mengo. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya kalenda ya mwaka jana na mkasi, akakivika kitabu jalada vile alivyokuwa akivika madaftari yetu tukianza muhula, pembe zimekunjwa kwa ukucha. Kisha akanitaka niseme jina la mwandishi polepole, akaliandika juu kwa kalamu ya bluu.

Tumefika Ochola anapoanza kuota miiba. Nikirudi mwisho wa mwezi tunaendelea.