Jiji Lipi la Ulaya Lina Baridi Zaidi? Kipimajoto Chasema Moscow, Nyumba Zasema Lisbon

Kila kipupwe kinapoingia, orodha za miji mikubwa ya Ulaya yenye baridi kali hurudi kusambaa, na karibu zote hukaa hivi: Moscow juu kabisa, ikiwa na wastani wa nyuzi 6 hivi za Selsiasi chini ya sifuri mwezi Januari. Helsinki na Kyiv hufuata kwa nyuzi 3 chini ya sifuri, Warsaw nyuzi moja na nusu. Berlin huvuka sifuri kidogo, London na Paris hucheza kwenye 5, Athens 10, na Lisbon hufunga mkia kwa 11 na ushei. Wapo wanaoziamini orodha hizi bila kuuliza, na wapo wanaosema ni upuuzi, kwamba aliyewahi kulala Lisbon mwezi Januari anajua baridi ni nini. Pande zote mbili zina hoja, ingawa mimi naegemea upande mmoja.

Kipimajoto kwanza, maana kinafichua jambo ambalo ramani ya kawaida hulificha. Edinburgh na Moscow ziko umbali ulio karibu sawa kutoka ikweta, latitudo 56 hivi kaskazini. Jua la Januari linazitendea karibu sawa. Lakini wastani wa Edinburgh ni nyuzi 4 juu ya sifuri, kwa hiyo tofauti yao inafika nyuzi 10. Reykjavik, iliyo latitudo 64, huwa na Januari yenye joto linaloizidi kidogo Warsaw iliyo latitudo 52. Kwa kifupi, wakati wa kipupwe barani Ulaya baridi huongezeka zaidi ukielekea mashariki kuliko ukipanda kaskazini. Anayepanga safari kwa kuangalia nani yuko kaskazini zaidi atabeba makoti yasiyofaa.

Sababu ni Bahari ya Atlantiki. Maji huhifadhi joto la kiangazi, na pepo za magharibi hulisukuma kuelekea nchi kavu. Kadiri hewa inavyoingia ndani ya bara ndivyo inavyolipoteza, na ikifika Urusi imebaki kidogo sana. Kwa muda mrefu sifa zote zilipewa Mkondo wa Ghuba, yaani mkondo wa maji yenye joto unaovuka Atlantiki kuelekea Ulaya, maelezo yaliyoenezwa na Matthew Maury, afisa wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1855. Mwaka 2002 mwanasayansi wa tabianchi Richard Seager na wenzake walipinga, wakisema kazi kubwa hufanywa na pepo na joto la msimu lililohifadhiwa baharini, si mkondo wenyewe. Ubishi huo bado una wenyewe.

Sasa kasoro za kipimajoto, na si chache. Ya kwanza ni kipindi cha hesabu. Wastani wa Januari wa Moscow kwa miaka 1961 hadi 1990 ulikuwa nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Kwa miaka 1991 hadi 2020 umepanda hadi 6 chini ya sifuri. Anayenakili kitabu cha zamani na anayetumia takwimu mpya wataonekana kama wanazungumzia miji miwili. Ya pili ni mahali kipimajoto kilipowekwa. Madrid ina kituo kwenye bustani ya Retiro katikati ya jiji na kingine kwenye uwanja wa ndege wa Barajas, na usiku wa Januari uwanjani huwa na baridi zaidi kwa nyuzi mbili hivi. Lami na majengo ya mjini hutunza joto la mchana. Uwanja wa wazi hauna cha kulizuia.

Ya tatu ni upepo. Kwa kanuni ya kukokotoa makali ya upepo ambayo Marekani na Kanada zinaitumia tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi sifuri yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huumiza ngozi kama hewa tulivu ya nyuzi 6 chini ya sifuri. Siku ya upepo Reykjavik inaweza kukuchapa sawasawa na siku tulivu ya Moscow, na orodha haisemi neno.

Lakini hoja nzito kabisa dhidi ya orodha inatoka ndani ya nyumba. Moscow hupashwa joto kutoka mitambo mikubwa ya jiji: wastani wa siku ukikaa chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo, maji ya moto hufunguliwa kwenye mabomba ya majengo, na wapangaji wengi hawana hata njia ya kuyapunguza. Basi nje barafu, ndani mtu yuko na fulana na kidirisha cha juu kakiacha wazi ili apumue. Ukienda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, unakuta nyumba nyingi zisizo na mfumo wowote wa kupasha joto jengo zima, kuta hazina tabaka la kuzuia baridi, madirisha ya kioo kimoja, na familia imezunguka hita moja ya umeme ikiogopa bili. Mwaka 2023 takwimu za Umoja wa Ulaya zilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano nchini Ureno hawezi kumudu kuipasha nyumba yake joto la kutosha.

Hili si suala la kujisikia vibaya tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu nchi 14 za Ulaya ulikuta kwamba vifo vya msimu wa baridi Ureno vilizidi vya misimu mingine kwa asilimia 28, wakati Ufini ziada hiyo ilikuwa asilimia 10. Mwingine wa mwaka 1997 ulilinganisha watu hewa ya nje ikiwa nyuzi 7: sebule za Athens zilikuwa na nyuzi 19, za kusini mwa Ufini karibu 22. Waliovaa kofia nje walikuwa asilimia 13 Athens na 72 Ufini. Wa kaskazini wanaichukulia baridi kama adui anayejulikana. Wa kusini wanaingojea ipite.

Hapo wapinzani wa orodha wanataka Lisbon ipandishwe daraja. Mimi hapo ndipo ninapoachana nao. Tukiita Lisbon jiji la baridi, tunaitwisha hali ya hewa kosa la wajenzi na la sheria. Ureno ilipata kanuni zake za kwanza za kuzuia upotevu wa joto majumbani mwaka 1990, na nyumba nyingi zilikuwa zimeshajengwa. Nyuzi 11 za Januari si hukumu ya mbinguni. Ni joto ambalo nyumba iliyojengwa vizuri ingelimudu kwa gharama ndogo. Kipimajoto kikiachwa kiseme ukweli wake, ndicho kinachotuonyesha kwamba tatizo la Lisbon limo ukutani. Orodha ningeiacha ilivyo, ila ningedai safu tatu za ziada: kipindi cha takwimu, wastani wa usiku na kasi ya upepo. Joto la sebuleni liende kwenye jedwali jingine, lenye majina ya nchi na miaka ya sheria zao za ujenzi.